Paa Lisilo na Barafu

Kama una ndugu anayejenga, mtumie hii asome kabla hajanunua bati la kwanza. Akikasirika, mwambie nimekutuma mimi.

Makete kuna baridi. Sisemi baridi ya kuvaa sweta ukapiga picha. Nasema baridi ya mwezi wa sita na wa saba, umande unaganda juu ya majani ya viazi, shamba zima linaamka jeupe, na maji ya ndoo yana gamba la barafu juu. Huko aliishi seremala mmoja, Gaitan Mahenge, fundi hasa wa milango. Mlango wake ukiufunga husikii mlio.

Shida yake ilikuwa gundi. Gundi nyeupe ya mbao ikipigwa na baridi haishiki. Inakauka ikawa kama chaki, ukigonga kiungo kinaachia. Kwa hiyo kila kipupwe Mahenge alifunga kazi miezi miwili, na mafundi wake kumi na wawili wakatawanyika kutafuta vibarua Mafinga. Wengine hawakurudi.

Mwaka mmoja akasikia kwamba masista wanajenga shule ya bweni. Wanataka milango mia mbili na kumi, na itengenezwe kipupwe hicho hicho kinachokuja. Atakayepewa kazi ni mwenye karakana yenye joto. Mahenge akaamua kujenga karakana kubwa. Akawaambia mafundi wake bila kuficha, "Tukiipata hii, hakuna atakayeondoka tena. Tukiikosa, kila mtu ashike njia yake."

Mwashi akamletea hesabu mbili. Ya kwanza ilikuwa dari ya chini na kuta za mbao mbili mbili, katikati pajazwe kitu cha kuzuia joto lisitoke. Hiyo iliongeza milioni nne juu ya gharama ya jengo. Ya pili ilikuwa jengo tupu, paa refu la bati, na jiko la mapipa mawili yaliyochomelewa pamoja. Hiyo iliongeza laki saba tu.

"Laki saba," akasema Mahenge papo hapo. "Kuni hapa si za kuokota tu?"

Mkewe, Mama Yusta, alikuwa anamenya viazi pembeni. "Baba Yusta, sisi tukilala tunajifunika blanketi. Hatuwashi moto kitandani."

"Karakana hailali, Mama Yusta."

"Haya. Mimi nimesema."

Tena pale kijijini jengo hupimwa kwa paa. Likionekana kutoka mbali, watu wanasema hapo pana mtu. Mahenge akainua lake mpaka likaonekana ng'ambo ya bonde. Wakati huo huo, upande wa pili wa barabara, seremala mwenzake Onesmo Chaula alikuwa anajenga karakana kubwa vilevile, ila yake ilikuwa imechuchumaa chini. Watu wakamtania, "Chaula, hiyo karakana au ghala la viazi?" Akacheka nao, akaendelea kupigilia misumari.

Kipupwe kikaingia. Jiko la Mahenge likanguruma. Ukisimama karibu nalo magoti yanaungua, ukisogea hatua kumi pua inauma kwa baridi. Kuni za kuokota ziliisha wiki ya pili. Akaanza kununua magogo kwa lori, na lori moja halikumaliza siku tisa. Mafundi wawili wakaacha kushika randa, kazi yao ikawa kupasua kuni kutwa.

Lakini Mahenge alikuwa na faraja yake. Kila asubuhi mapaa yote ya kijiji yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na la Chaula jeupe kuliko yote. La Mahenge peke yake lilikuwa kavu, bati tupu, linatoa mvuke. Wapita njia wakasimama kulishangaa.

"Aisee, kwa Mahenge kuna joto, bwana! Hata barafu inamwogopa!"

Mahenge kifua mbele. "Mwoneeni huruma mwenzangu Chaula," akawajibu. "Anafanya kazi ndani ya friji."

Siku ya siku, Sista Agripina, msimamizi wa ujenzi wa ile shule, akafika saa moja na nusu asubuhi. Mahenge alikuwa tayari anamsubiri barabarani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Leo sina maneno mengi. Tazama mapaa tu."

"Milele amina." Sista akatazama upande huu, akatazama upande ule. "Lile jeupe la nani?"

"La Chaula, maskini."

"Na hili kavu?"

"Langu hilo, Sista."

"Basi nipeleke kwenye lile jeupe."

Mahenge akadhani amesikia vibaya. "Sista, kule kuna barafu!"

"Barafu ikikaa juu ya bati, ujue joto halijafika kwenye bati. Limebaki chini, kwa watu. Lako, Bwana Mahenge, limepanda, limeyeyusha barafu, limekwenda zake. Hizo kuni unawanunulia ndege?"

Wakaingia kwa Chaula. Mafundi walikuwa wamevaa mashati tu, mpaka wa kona ya mwisho. Jiko lenyewe halikuzidi ndoo. Sista akachukua nyundo ya mbao, akagonga kiungo cha mlango mara tatu. Hakikuachia. Kisha, ili asionekane ana upendeleo, akavuka barabara na kuingia kwa Mahenge, akachagua mlango uliokuwa mbali na jiko, akagonga mara moja. Kiungo kikaachia na chaki ikamwagika kwenye viatu vyake.

"Pole sana," akasema. Akaenda kumpa Chaula kazi.

Mahenge aliona aibu, lakini hakuwa mtu wa kununa. Jioni alimfuata mwenzake. "Chaula, niambie ukweli. Hiyo milioni nne uliitoa wapi?"

"Milioni nne? Mimi nilinunua mbao za dari na kuta tu, haikufika milioni. Ndani nimejaza maranda."

"Maranda haya haya yanayotoka kwenye randa? Uliyapata wapi ya kujaza jengo zima?"

Chaula akainamisha macho, akajikuna shingo. "Kwako, kaka. Mwaka jana nilibeba magunia mia tatu. Nilikuja kukuomba, ukasema nikuondolee takataka. Ukaninunulia na soda."

Jumatatu mafundi saba wa Mahenge walivuka barabara na randa zao mkononi, wakaingia kwa Chaula.

Funzo: Wanachokusifia wapita njia huenda ndicho kinachokutoka. Kabla hujaongeza kuni, tazama joto ulilonalo linapotelea wapi.