Kata ya Kwanza ya Birika

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja usio na mto wala chemchemi aliishi mja mwema aitwaye Wahbu bin Sinani, mtunza birika. Mji mzima ulikunywa maji ya mvua yaliyoshuka kutoka paa la msikiti wa Ijumaa hadi kwenye birika hilo. Sharti lilikuwa moja: mvua ya kwanza ya msimu haiingii birikani. Hiyo huachwa ioshe paa na kumwagika nje, kwa kuwa njiwa wameshinda huko juu miezi minane, na njiwa hawana adabu. Mvua ya pili ndiyo huzibuliwa mfereji. Kisha mtunza birika hunywa kata moja ya maji mbele ya watu, nao ndipo huteka.

Mwaka huo ukame ulikaza, birika likabaki tope. Mvua ilipoteremka Alhamisi alasiri, Wahbu alikuwa peke yake. Aliyaona maji yakipotea uani, akaingiwa na hofu kwamba hayatarudi. Akazibua. Ijumaa asubuhi ikanyesha nyingine, kubwa kuliko ile, birika likajaa pomoni. Watu wakadhani ni baraka ya mvua ya pili, wakamshika mkono na kumwombea dua. Wahbu aliitikia amina, wala hakuwasahihisha.

Akarudi nyumbani kumweleza mkewe, Bi Lubaba.

"Maji kwa macho ni safi," akasema. "Nitakunywa kwa kumtegemea Mola. Nikisalimika mimi, wamesalimika wote."

Bi Lubaba akaacha kupepeta mtama. "Mume wangu, wewe una tumbo la ngamia. Mtoto wa yule mjane Khaula ametoka kuharisha juzi tu. Atakunywa kwa sababu mama yake amekuona wewe ukinywa. Kata hiyo ni ushahidi. Sasa utashuhudia nini?"

Wahbu aliogopa, na hilo lisifichwe, kwani hata waja wema huogopa. Kazi ile aliirithi kwa baba yake, na watu wenye kiu si watu wa kuchezea.

Baada ya sala ya Ijumaa watu wakajipanga na mitungi yao. Wahbu akateka, akaisogeza kata mdomoni. Akaigeuza, maji yakamwagika mchangani.

"Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mvua ya kwanza imo humu. Niliiingiza mimi. Msinywe."

Pakazuka zogo. Khaula, aliyekuwa mbele, akamsogelea. "Mwanangu ana kiu, nawe unatunyima maji kwa ajili ya njiwa?"

"Kwa ajili ya kosa langu, dada yangu," akajibu Wahbu.

Kadhi akaamuru maji yafunguliwe yaende kwenye mitende. Birika lilipokauka wakakuta chini uchafu wa miezi minane, na mzoga wa njiwa uliooza. Hakuna aliyemkemea tena, lakini hakuna aliyemshukuru pia.

Kwa siku kumi na moja watu walifuata maji kwenye kisima cha mbali, nusu siku kwenda. Wahbu naye alikwenda na punda wake, na kila siku mtungi wa kwanza aliupeleka kwa Khaula. Khaula aliupokea bila salamu.

Hatimaye mvua ikarudi, birika likajaa. Wahbu akauweka ufunguo wa birika mbele ya kadhi, akaenda kusimama nyuma kabisa, kwani hakujiona tena kuwa anastahili. Kadhi akauliza nani atakunywa kwanza. Khaula akaichukua kata, akateka, akapenya katikati ya watu hadi alipokuwa Wahbu.

"Kunywa wewe," akamwambia. "Mwingine akinywa, tutajua tu kwamba ana kiu. Wewe tumekuona siku uliyokataa kunywa."

Wahbu akanywa huku machozi yakimtoka. Wa pili kunywa alikuwa mtoto wa Khaula.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana kata anayoinywa mbele ya wanaomwamini. Mola atujaalie tusiipeleke mdomoni kabla ya kujua tunashuhudia nini.