Mnara wa Kwembago

"Sifa za mnara ziulize bondeni." Mmeisikia leo kwa mwenyekiti mkutanoni, mkacheka, eti bonde linajua nini habari za minara! Kaeni basi. Na hizo simu ziwekeni kwanza. Wewe Elineema, nimekuona. Methali hii ilizaliwa hapahapa Kwembago, na mimi nilikuwapo, nikiwa mkunga wa zahanati ya bondeni.

Mnara wetu wa simu uko kule juu mlimani. Msimamizi wake alikuwa Mbwambo, fundi hodari, ila mbishi huyo, jamani! Kila mwaka kampuni ilimleta mpimaji kuangalia mtandao unavyotunzwa. Siku hiyo nyasi zilifyekwa, jenereta likafutwa vumbi, uzio ukapakwa rangi. Kisha Mbwambo alisimama chini ya mnara, akapiga simu makao makuu mpimaji akisikia. "Haloo! Mnanipata?" "Tunakupata vizuri sana!" Basi, kapewa alama zote, na pilau juu.

Sisi wa bondeni tulikuwa tunalia. Tangu mvua za masika simu zilikuwa zikikatika, na siku nyingine kimya kabisa. Tukapanda kumwambia. Akatujibu, "Simu zenu hizo ndizo mbovu. Mimi hapa mtandao umejaa." Tukashuka na hasira zetu.

Siku ya mpimaji mwaka ule, Nanzia, binti yake Mbwambo, aliletwa kwangu na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mchana kweupe akaanza kutoka damu, na damu ile sikuipenda. Gari la wagonjwa lilikuwa hospitali, ng'ambo ya mlima. Nikapiga simu. Kimya. Nikatoka nje, nikapanda juu ya benchi, nikanyoosha mkono kama mtu anayeomba mvua. Kimya. Ndani Nanzia ananiita, "Mama mkunga, usiniache." Niliogopa, wajukuu zangu, siwafichi. Nikamtuma Mchomvu wa bodaboda apande mbio kwa Mbwambo.

Alifika pilau inapakuliwa. "Mzee, Nanzia anavuja damu! Mkunga anataka gari, na simu haishiki!"

"Haiwezekani," Mbwambo akasema. "Mtandao mzima huu!" Akanipigia palepale. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba sipatikani. Akapiga tena. Sipatikani. Mpimaji akaweka sahani chini.

"Mzee, huko bondeni umewahi kwenda kupima?"

Mbwambo akapiga hospitali, na kutoka pale simu ilishika mara moja. Kisha akadandia pikipiki ya Mchomvu wakashuka.

Gari lilikuja. Nanzia tulimwokoa. Lakini mtoto alitoka halii, nikampangusa, nikampulizia, nikamwomba Mungu, na bado hakulia. Daktari aliyekuja na gari akasema lingeitwa mapema kidogo tu, mtoto huyu angekuwa hai. Mbwambo alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia yote. Alimpokea mjukuu wake mikononi mwangu, akambeba mwenyewe hadi nyumbani.

Baadaye mafundi walipanda mnara, wakakuta waya wa upande unaotazama kwetu umeingia maji tangu masika. Waliutengeneza asubuhi moja wakamaliza. Asubuhi moja! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata gari la kampuni, Mbwambo akiwa ndani akilielekeza, liliipita njia ya mlimani, likateremka moja kwa moja hadi zahanati. Mpimaji alikuwa mpya, kijana, akashuka anashangaa. "Mzee Mbwambo, si mnara uko juu?"

Mbwambo hakuwa amepaka rangi kitu chochote mwaka ule. Alinitazama mimi. "Mkunga, piga wewe."

Nikapiga hospitali. Simu ikaita, na yeye macho kayatupa chini mpaka nilipoitikiwa. Hapo akashusha pumzi, akamgeukia mpimaji.

"Mnara uko juu, mwanangu," akamwambia. "Lakini sifa zake ziulize bondeni."