Sisimizi Nyuma ya Bafu la Mkwe

Hapo zamani, wala si zamani za mababu zenu, ni zamani hizi hizi ambazo zahanati ipo lakini lami haijafika, alikuwepo mrina asali mmoja huko Unyamwezi, jina lake Mihayo. Sogeeni karibu. Mwenye aibu yake aikalie vizuri, maana hadithi hii ni ya aibu mwanzo hadi mwisho.

Mke wa Mihayo aliitwa Kalunde. Kalunde alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, na kama ilivyo ada mama yake, Bi Nyanzala, akaja kumlea mzazi. Akapewa kibanda chake pembeni ya ua, na bafu lake la mabua, kwa sababu mkwe ni mkwe. Nyinyi wa leo mnakula sahani moja na mama wakwe zenu, na vocha mnawaomba. Kule, siku zile, mwanamume akimwona mama mkwe njiani aliingia porini mpaka apite. Hamsemeshi. Hamgusi. Hautaji mwili wake hata kwa mafumbo.

Sasa, mtu usiyeweza kumsemesha utamwambiaje karibu? Mihayo alimwambia kwa asali. Kila asubuhi dada yake, Shija, aliyekaa naye pale nyumbani, alichota asali kwenye debe akajaza bakuli. Kalunde akalipokea bakuli, akampelekea mama yake. Bi Nyanzala akala yote, akarudisha bakuli tupu, maana asali ya mkwe haibakizwi. Kila asubuhi hivyo hivyo.

Siku ya kumi Mihayo akaona mstari wa sisimizi uani. Mrina akiona sisimizi hufikiria debe lake, basi akaufuata. Mstari ukalipita debe. Ukalipita jiko. Ukalizunguka bafu la mabua, ukaishia nyuma yake, pale maji yanapotokea. Walikuwa wamejaa pale, weusi tii.

Mihayo akasimama. Kule kambini porini aliwahi kuishi na mrina mwenzake, mzee, ambaye kila alipokojoa sisimizi walikusanyika. Mzee yule alikunywa maji bila kukata kiu, alikula na bado akakonda, na alipokuja kupimwa akaambiwa ni ugonjwa wa sukari, na macho yalikuwa yameshaharibika. Mihayo akaukumbuka mtungi wa mama mkwe, unaojazwa mara tatu kwa siku. Akaona. Akajua. Akanyamaza. Angesemaje? "Mke wangu, nimechungulia mahali mama yako anapokojoa"?

Kesho yake asali ikaenda kama kawaida. Kuikata bila kutoa sababu kungekuwa tusi.

Tuje kwa Shija. Asubuhi moja Bi Nyanzala alikuwa jikoni anakoroga uji wa mzazi, miguu mitupu. Kaa la moto likadondoka, akalikanyaga. Shija akasikia harufu ya nyama. Kutazama, kaa limeganda kwenye unyayo, na mama wa watu anakoroga uji huku anaimba. Hakuruka, wala hakuinua mguu.

Shija akaona. Hakujua. Na huyu hakunyamaza, laiti angenyamaza. Alikwenda kisimani akasema, "Mkwe wetu anakanyaga moto na hasikii. Huyo ni mtu wa kawaida?" Kisima mnakijua. Kabla jua halijazama, Bi Nyanzala mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwamba anaitwa mchawi. Akakifunga kidonda kwa kitambaa, akashusha kanga mpaka chini ili mtu asikione.

Na Kalunde? Kalunde alijua kabla ya wote. Miaka miwili nyuma alimsindikiza mama yake kupimwa, wakaambiwa wazi: ni sukari, vidonge ni kila siku, usiache kwa kuwa umejisikia nafuu. Lakini wakati ule Kalunde ndiyo kwanza anaposwa. Akasema, "Mama, tusiwaambie. Watasema ukoo wetu una maradhi." Mama akakubali, kwa kumpenda mwanawe. Alipokuja ukweni akampa Kalunde vidonge amfichie, na Kalunde akavifunga kwenye pindo la kanga. Akitaka kumpa, Shija huyu hapa. Akitaka kumpa, wageni wa mtoto hao wanabisha hodi. Ikapita siku, ikapita wiki. Mama akasema, "Acha tu mwanangu, mbona sijambo." Na bakuli la asali Kalunde alilipeleka kwa mikono yake, anajua analolipeleka.

Ikafika siku ya arobaini, siku ya kumtoa mtoto nje. Shughuli ya wanawake, mchana, vigelegele. Bi Nyanzala akatoka na mjukuu mikononi, akafika mlangoni, akaanguka. Kalunde akamdaka mtoto. Mama akabaki chini, midomo imekauka, anasema maneno yasiyoeleweka. Kanga ikapanda, kitambaa kikaonekana, kimelowa na kinanuka. Wale waliosema mchawi wakarudi nyuma.

Mihayo akaja mbio, akasimama mbali kama ada inavyotaka. Akamtazama mke wake, akamtazama mama mkwe. Kisha akainama, akambeba mama mkwe wake mgongoni mchana kweupe, akapita naye katikati ya kijiji. Wako wanawake waliofunika macho. Shija na Kalunde wakamfuata nyuma.

Kufika zahanati, tabibu akauliza, "Huyu mama ana ugonjwa gani?"

Wakatazamana.

"Nauliza, ana ugonjwa gani?"

Mihayo akasema huku anatazama sakafu, "Anapokojoa, sisimizi wanajaa."

Shija akasema, "Na mguu wa kulia hausikii moto. Fungua hicho kitambaa."

Kalunde akasogea mbele. Alifungua pindo la kanga, vidonge vikamwagika mezani, vyote, hakuna kilichopungua tangu mama aje. Akalia kwa aibu, na nani angemnyamazisha?

Bi Nyanzala akakimbizwa hospitali ya wilaya. Wakamtibu, wakamrudishia uhai, lakini vidole viwili vya mguu wa kulia vikakatwa. Daktari akamwambia, "Shukuru uliletwa siku ile ile, na waliokuleta walisema. Ungecheleweshwa hadi kesho, ningekata mguu, kama ningekukuta hai."

Akakaa miezi mitatu kwa bintiye akiuguzwa. Vidonge baada ya chakula, mbele ya watu wote. Ugali kiasi cha ngumi, mlenda kwa wingi, chai bila sukari. Kila asubuhi Kalunde alimpakata miguu akazikagua nyayo, kidole kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele. Siku ya kliniki haikurukwa.

Siku ya kuaga, kaka yake Bi Nyanzala akaja kumchukua, na alikuja na mtamba, ng'ombe jike mzuri ambaye hajazaa bado. Bi Nyanzala akaketi kwenye kigoda, viatu miguuni, kamba ya mtamba mkononi.

"Mtamba huyu ni wa aliyeniokoa," akasema. "Ni wa mmoja. Hagawanywi. Na kwetu mnajua, zawadi ya uhai ikikataliwa ikarudi nyumbani, ukwe umekufa. Sitakanyaga tena hapa, na mjukuu wangu nitamsikia kwa watu."

Akamgeuzia Mihayo kamba, uso ameuelekeza pembeni, maana adabu haiishi siku moja. "Mkwe, ulinibeba. Ulikubali kuchekwa ili mimi niishi. Shika."

Mihayo akarudisha mikono nyuma. "Mama, niliona sisimizi siku ya kumi. Ulianguka siku ya arobaini. Siku zote hizo nilikuwa najua, na kila asubuhi niliagiza ujaziwe bakuli. Siwezi."

Kalunde akageuka. "Ulijua? Ulijua, na hukuniambia mimi mkeo?"

"Na wewe ulijua," Mihayo akajibu taratibu. "Uliniambia?"



Bi Nyanzala akamgeuzia Shija kamba. "Wewe ndiye uliyesema habari ya mguu. Wangeshughulika na sukari yangu tu, mguu ungeoza wanautazama. Shika."

Shija akapiga magoti. "Mama, neno lile la kisimani ni langu. Mimi ndiye niliyekuita mchawi. Ulikificha kidonda kwa ajili ya mdomo wangu. Hivyo vidole viwili nilivikata mimi kabla ya daktari."



Bi Nyanzala akamgeuzia mwanawe kamba. "Kalunde, ulimwaga vidonge mbele ya wakwe zako, na siri uliyoilinda miaka miwili ukaivunja mwenyewe. Na leo ninatembea kwa sababu ya mikono yako. Shika."

"Mama, usinipe," Kalunde akasema. "Wao walikuwa wanakisia. Mimi nilikuwa nimeifunga dawa yako kiunoni. Kila nilipokaa chini nilivisikia vidonge vinanichoma, na bado nikakupelekea asali. Nikimpokea huyu ng'ombe nitamkamua vipi?"

Bi Nyanzala akairudisha kamba mapajani. Halafu akasema, "Na mdomo uliokula asali ulikuwa wa nani? Si wangu? Nilijua inaniua, nikala nisionekane sina adabu ukweni. Nilimeza aibu, nikaacha kumeza dawa. Kwa hiyo mnaniona na mimi siwezi kuondoka na ng'ombe huyu."

Kaka yake akatazama jua, akasema, "Dada, safari ni ndefu. Ama kamba ibaki hapa, au irudi na sisi."

Wakabaki hivyo, watu wanne, kila mmoja ameficha mikono yake. Mtoto akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Mtamba alipochoka kungoja akalisogelea lile bafu la mabua, akaanza kulitafuna.

Mimi nimeisimulia hii sehemu nyingi. Wanaume humpa Mihayo haraka haraka, halafu wanatazama pembeni. Wanawake humpa Kalunde, wengine wanamnyima huku wanafuta machozi. Bibi mmoja alimpa Shija, akasema angalau huyo hakujua. Leo nawaulizeni nyinyi, na asitokee mjanja wa kuniambia wamchinje wale wote, maana hagawanywi, na akirudi nyumbani bibi na mjukuu hawataonana tena. Mkono mmoja lazima unyooke uishike kamba ile. Je, nani alistahili?