Insha ya Mafiga Matatu

Sogeeni, sogeeni. Nawe wa nyuma, meza kwanza hiyo karanga. Hadithi hii haitaki mtu wa kutafuna. Wala msinikatize kuniuliza ilikuwa mwaka gani. Watu walikuwepo, wakaumia, basi.

Katika shule moja ya milimani, huko Taita, palikuwa na mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Kilambo. Alikuwa na mtindo wake mwenyewe: kwake mwanafunzi haandiki insha peke yake. Aliwagawa watatu watatu, akawaita mafiga. "Figa moja haliinjiki chungu," alisema, na akalirudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza akigeuka. Figa la kwanza kazi yake kuuliza, la pili kutoa kisa alichokiona kwa macho yake, la tatu kuandika. Jina la mtu mmoja juu ya insha? Hakutaka hata kulisikia.

Sasa, mafiga yetu ni haya. Mkamburi alikuwa msichana wa maswali. Aliwahi kumwuliza padri kama Mungu hujuta, padri wa watu akaomba maji. Mwadime alikuwa na kalamu. Akikuandikia mvua, unaangalia paa. Na Wakesho? Wakesho hakuwa na kipaji cha kuonekana. Alikuwa mkimya tu. Mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na pale darasani hakuna aliyejua kilichomwua.

Likaja shindano la insha la shule nyingi, mada yenyewe: Je, kunyamaza ni hekima?

Watatu wale wakakaa kwenye benchi nyuma ya jiko la shule. Mwadime akataka kuanza na kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkamburi akamkata.

"Wacha hayo, wataandika wote. Mimi nauliza hivi: mtu akinyamaza kwa heshima, heshima anaipata nani, na maumivu anabaki nayo nani?"

Hapo Wakesho akaangua kilio. Siyo kile cha kufuta kwa kiganja, la, kilio cha kushikwa mabega.

Akawaeleza. Siku moja alikuwa akimsugua mama yake mgongo, akaona uvimbe kwenye titi. Mama akamshika mkono: "Usimwambie mtu, mwanangu. Hata baba yako." Maana kwao maungo ya mama wa nyumba hayatajwi mbele ya mumewe, seuze daktari. Mtoto akatii. Akatii mama alipokonda, akatii shuka zilipoanza kunuka, akatii mpaka jeneza likaletwa.

"Nilinyamaza vizuri sana," aliwaambia wenzake. "Watu wote walinisifu nina adabu."

Jamani! Nikifika hapa huwa nataka kupumzika, lakini twende.

Mwadime akaandika, akafuta, akaandika tena. Hakutia methali hata moja, wala hakumlaumu mtu. Aliuweka mkono wa mama juu ya mkono wa mtoto, na msomaji akifika hapo hawezi kuendelea upesi.

Siku ya wazazi Mwalimu akaisoma insha ile mbele ya watu. Haikumtaja mtu, lakini kijijini nani hamjui nani? Baada ya siku chache wanawake wakawa wanafuatana kwenda zahanati. Jirani mmoja alikutwa na uvimbe kama ule, akawahiwa, na yu hai. Ila baba yake Wakesho alisimama katikati ya kusomwa, akatoka. Nyumbani alimwambia binti yake, "Umemvua mama yako nguo mbele ya watu." Tangu siku hiyo hajamsemesha. Binti anapakua chakula, baba anakula, bakuli linarudi jikoni bila neno.

Kisha ikaja habari: insha imeshinda. Zawadi yake ni nafasi katika shule ya bweni, kila kitu kimelipiwa mpaka mtoto amalize. Nafasi moja. Juu ya insha Mwalimu alikuwa ameandika "Mafiga Matatu", na mama aliyetumwa na waandaaji akatikisa kichwa.

"Mwalimu, figa haliendi shule. Nipe jina la mtoto. Nikiondoka bila jina, nafasi inakwenda kwa washindi wa pili."

Mwalimu akawaita wote watatu, wakakaa kwenye benchi mbele yake.

Mkamburi akasema, "Bibi yangu anayenilea hawezi tena karo. Muhula huu ukiisha nakwenda kulea watoto wa watu. Na bila swali langu, Mwalimu, Wakesho angekuwa kimya mpaka leo, na yule jirani tungeshamzika."

Mwadime alisema huku anatazama miguu yake. "Mimi nangojwa machimboni. Kaka yangu aliingia shimo lile lile, hajatoka. Swali lilikuwepo, kisa kilikuwepo, lakini walioshindanisha insha wasingemlilia mama yule kama nisingemwandika."

"Nawe, mwanangu?" Mwalimu akamwuliza Wakesho.

"Nikipewa mimi, baba atasema nimemuuza mama. Akipewa mwingine, nitakuwa nimemtoa mama bure. Lakini nyumba ile siiwezi, Mwalimu. Nilishanyamaza mara moja, na najua kunakoishia."

Mgeni akatazama saa yake. Mwalimu akaishika kalamu, yeye aliyewafundisha miaka yote kwamba hakuna figa kubwa kuliko lingine. Na watoto wale, pale kwenye benchi, walikuwa wameshikana mikono, na kila mmoja aliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Msiniambie watoto wema hawatamani.

Sasa mbona mnanitazama mimi? Kazi yangu ilikuwa kuwatwika. Kutua ni juu yenu. Haya, wewe wa karanga, shika kalamu ya Mwalimu. Aliyeuliza, aliyeandika, au aliyemtoa mama yake? Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, wale wawili wanaobaki kwenye benchi ungewaambia nini?