Harusi Iliyongoja Kiuno

Kiwalani ni mtaa ambao watu wake wamezoea kukatizwa mazungumzo. Ndege inaposhuka kuelekea uwanjani, mabati hutetema na mwenye la kusema hunyamaza; ikishapita, huliendeleza neno lake palepale alipoliachia. Katika mtaa huo alizaliwa Zuena, mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya msingi ya Gongo la Mboto. Alikuwa mnene tangu utotoni. Wenzake walimwita Bonge naye akaitika, kwani nyumbani kwao unene haukuwa kosa la kuombea msamaha. Alitembea kifua mbele, na kicheko chake kilisikika hadi nyumba ya tatu.

Aliyemtia machoni kwanza alikuwa Bi Farida, mjane wa mtaa wa pili. Bi Farida alipofanyiwa upasuaji wa macho, Zuena alikwenda kumpikia uji na kumfulia bila kutumwa na mtu. Mama yule alipopona, alimwambia mwanawe wa pekee wa kiume, "Talha, mke wa kukufaa ni yule." Talha alikuwa kijana mtanashati aliyeuza vipuri vya magari. Hakubisha. Maishani mwake hakuwahi kumbishia mama yake hata kwa nyusi. Posa ikapelekwa, pete ikavishwa, na harusi ikapangwa ifungwe baada ya mfungo wa Ramadhani.

Zuena alimpenda Talha kwa moyo mkunjufu. Alipenda alivyozungumza taratibu, na alivyopendeza Ijumaa katika kanzu iliyonyooshwa ikanyooka. Alianza hata kuchagua majina ya watoto.

Jioni moja walikuwa barazani kwa kina Zuena wakila mihogo ya kukaanga. Talha akauliza, "Hivi ushajifikiria ndani ya gauni la harusi?"

"Kila siku najifikiria," Zuena akajibu huku akitabasamu.

"Mie nauongelea huo mwili. Watu watanicheka, Zuena. Punguza kidogo, basi. Harusi tuisogeze mbele, ukiwa tayari utaniambia."

Mhogo ulimkwama Zuena kooni. Lakini maneno yale yalisemwa kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa, na hasira yake ikakosa pa kushika. Akameza mhogo na akameza na tusi lile.

Wiki hiyohiyo alijiunga na jimu moja ya mazoezi kando ya Barabara ya Pugu, iliyokuwa na saa zake za wanawake. Mkufunzi aliitwa Eufrazia, mwanamke wa Kihaya mwenye mabega mapana na maneno makavu. Huko Zuena aligundua jambo ambalo hakulitarajia: alikuwa na nguvu. Vyuma vilivyowashinda wenzake wembamba yeye alivinyanyua, na kila alipovinyanyua alijisikia kama mtu aliyepewa habari njema. Laiti angeishia hapo! Nyumbani alijitesa. Asubuhi alikunywa maji ya ndimu, mchana alitafuna tango, usiku alilala akisikiliza tumbo likinguruma.

Siku moja alikuwa ubaoni akifundisha hesabu za sehemu. Chaki ilimponyoka, ukuta ukazunguka, naye akaanguka kama gunia. Alipofumbua macho, wanafunzi walikuwa wamemzunguka wakimpepea kwa madaftari, baadhi yao wakilia.

Eufrazia alipozipata habari hizo alifura kama kifutu. "Nani kakutuma uje hapa kuukomoa mwili wako?" aliuliza.

"Mchumba wangu anataka nipungue kabla ya harusi, dada."

"Chuma hakinyanyuliwi kwa njaa, mwalimu! Ukija tena hujala, mlango nakufungia."

Usiku Zuena alimpigia Talha simu. "Leo nimezimia darasani," alimwambia.

Talha akasema, "Pole sana. Lakini umepungua?"

Hakuuliza kama aliumia. Hakuuliza kama amekula. Zuena aliikata simu akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza alijiuliza ni mapenzi gani haya yanayofurahia mtu kuisha. Hata hivyo alivumilia. Mapenzi yalikuwa yamemziba macho, na mtaa mzima ulikuwa unaisubiri harusi yake.

Ikaja harusi ya dada yake Talha, katika ukumbi mmoja huko Temeke. Zuena alivaa gauni la rangi ya zambarau, akajipaka hina, akaenda akiwa mkwe mtarajiwa. Mpiga picha alipoita familia mbele, naye alisogea. Talha akamshika kiwiko na kumnong'oneza, "Kaa pembeni kidogo. Hizi picha zinaenda mtandaoni."

Zuena alirudi pembeni. Dada mmoja wa familia, asiyejua kilichopita, akamtwika mikoba ya wenzake amshikie. Akasimama pale kama kigingi, mikoba mikononi, huku wengine wakitabasamu mbele ya kamera. Bi Farida aliangaza huku na huku akauliza, "Yuko wapi Zuena wangu?" Talha akajibu bila kupepesa macho, "Kaenda kuswali."

Hasira ilianza kumpanda Zuena kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Aliuma meno. Akajiambia kwamba akifikia umbo analolitaka Talha, mateso yatakwisha.

Naam, umbo likaja. Miezi ilipita, nguo zikaanza kumpwaya, mashavu yakabonyea. Siku aliyoweza kuvaa gauni la harusi likafunga bila kuvutwa, alimwita Talha aje amwone. Mama yake Zuena akamkaribisha sebuleni kwa furaha. Talha alimtazama Zuena juu hadi chini, akakuna kidevu.

"Mh. Sasa umezidi. Uso umesinyaa, watu watasema nimeoa mgonjwa. Na hiyo mikono ya kunyanyulia vyuma, imekuwa kama ya dume. Tungoje tena kidogo, urudishe mwili."

Maziwa yakamwagika. Zuena hakulia. Aliingia chumbani akavua gauni, akajitanda kanga yake, akatoka. "Twende kwa mama yako," alisema, na sauti yake haikumpa Talha nafasi ya kuuliza.

Walimkuta Bi Farida mkekani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja kama mnaofukuzana?"

"Mama, nimekuja kumuuliza mwanao jambo mbele yako." Zuena akamgeukia Talha. "Nilipokuwa mnene nilikuaibisha. Nimepungua, nimekuwa mgonjwa tena dume. Kesho nikirefuka utasema nakuzibia jua! Sema hapa: unanioa au hunioi?"

"Mie sijasema sikuoi," Talha alijibu akitazama chini.

"Najua hujasema. Leo nataka useme!"

"Talha," Bi Farida alisema taratibu, "umeulizwa."

Hatimaye maneno yakamchoropoka Talha: "Mama, wewe ndiye uliyemtaka. Mie ningekuambiaje hapana? Nilijua atachoka mwenyewe, aondoke."

Ungo ulimponyoka Bi Farida, mchele ukatapakaa mkekani.

"Kumbe!" Zuena alipaza sauti hadi majirani wakatoka nje. "Nimeshinda njaa, nimezimia mbele ya watoto wa watu, nimeuchukia mwili wangu mwenyewe, ili wewe usimwambie mama yako neno moja! Ungeniambia hunitaki ningelia wiki moja yakaisha. Umeona bora unile kidogo kidogo!"

Akaichomoa pete akaiweka mkekani.

"Keti, mwanangu," Bi Farida alimsihi akilia. "Huyu nitamrekebisha mimi."

"Mama, na wewe sina neno. Nitakuja kukujulia hali kama kawaida. Lakini mume wa kurekebishiwa simtaki." Akatoka kifua mbele.

Mtaa haukukosa la kusema. Wapo waliodai ameachwa kwa unene, wapo waliodai ni kwa wembamba. Zuena aliwaacha waseme. Alirudi kula wali wake wa nazi, mwili ukamrudia, na jimu hakuiacha. Alinyanyua vyuma kwa sababu alivipenda, na hakuna aliyemtuma.

Siku moja, wakiwa mazoezini, msichana mmoja aitwaye Loveness akamletea maneno. "Mwalimu, Talha anatangaza kwamba hakukufukuza. Anasema eti umeondoka kwa miguu yako mwenyewe, na yeye kaonewa."

Zuena akakishusha chuma kwa kishindo, wanawake wote wakageuka kumtazama.

"Ni kweli, hakuwahi kuniambia ondoka," alisema akihema, macho yakimwaka. "Aliniambia punguza. Aliniambia kaa pembeni. Aliniambia tungoje. Nami kila siku nilisubiri neno ambalo hakuwa na ushujaa wa kulitamka. Nyinyi mlio hapa msilisubiri: akufukuzaye hakwambii toka."