Kalunguyeye na Kompyuta ya Kichogo

Ngano inapita!
— Ipite hapa tuione.
Imebeba uongo!
— Iutue tuuonje.
Na anayesinzia?
— Atasimuliwa na mwenzake.

Nyinyi wa nyuma mmeitikia kivivu, lakini nitawasimulia hivyo hivyo, kwa sababu nimeshakaa na goti langu halitaki kusimama tena.

Hapo kale, ila si kale sana, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika na nyingine zimeshachakaa, palikuwa na Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba, ukimgusa anajikunja anakuwa mpira. Huyu alikuwa mke wa mtu, mpole, hana ugomvi na jirani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda kompyuta kuukuu. Hizi mpya nyembamba hakuzitazama mara mbili. Alipenda zile za kichogo, nzito mbele na nzito nyuma, zenye mdomo wa kumezea disketi.

Wenye nacho hukusanya kwa mali. Yeye alikusanya kwa miguu. Akisikia ofisi ya Tembo inatupa vitu, chaka-chaka-chaka, amefika. Akisikia shule ya Ngiri inahama, chaka-chaka-chaka, amefika. Kwa mwendo huo alikuwa amepata kompyuta tisa, amezipanga shimoni mwake, na mumewe akawa analala mlangoni kwa kukosa nafasi.

Tisa, na hata moja haikuwaka. Kila moja ilikuwa imeshapita mkononi mwa fundi, na kila fundi aliondoka na kitu. Hii haina moyo, ile haina ubongo, ile nyingine ukiitikisa inalia kicha-kicha-kicha. Majirani wakamwita Kalunguyeye mlinzi wa makaburi. Mumewe hakumwita jina, lakini siku moja alimwambia taratibu:

"Mke wangu, nangoja moja tu izungumze. Masika yakifika hakuna iliyozungumza, tutazitoa zote. Mimi siwezi kunyeshewa kwa ajili ya maiti."

Kalunguyeye alijua kwamba mumewe ana haki. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlima.

Sasa, katika nchi hiyo palikuwa na Kiboko. Kiboko alikuwa na yadi ya vyuma chakavu, yadi kubwa, imezungushiwa mabati. Alinunua chuma chochote kwa mizani, na kila Ijumaa alishika nyundo. Ngo! Ngo! Ngo! Alivunja redio, alivunja feni, alivunja kila kilichokuwa na waya ndani, akachomoa shaba na kutupa mengine. Hakujua kilikuwa kitu gani kabla hakijawa shaba, wala hakuuliza. Juu ya mabati alikaa dalali wake, Kunguru, mwenye jicho la biashara. Kunguru alilipwa kwa kila alichokiona.

Siku ya Jumatatu Kalunguyeye aliingia yadini, chaka-chaka-chaka, na kibaba chake kimoja cha karanga, maana huko walilipana kwa karanga. Akapita kwenye baiskeli, akapita kwenye masufuria, akafika penye friji moja kubwa lisilo na mlango. Nyuma ya friji, chini ya bati, akaiona.

Ilikuwa kompyuta ya kichogo, ya zamani kweli, tumbo na kioo na kibodi vimeshikana kitu kimoja. Akainama, akatazama mgongoni. Skrubu nne, na vichwa vyote vinne vizima, havina hata mkwaruzo wa bisibisi. Mnaelewa maana yake? Hakuna fundi aliyewahi kuifungua. Moyo umo, ubongo umo. Kabla Kalunguyeye hajajizuia, mkono wake ulikwenda wenyewe ukaifuta vumbi.

"Kwaa," akasema Kunguru kule juu. "Bwana Kiboko, mama huyu anafuta vumbi."

Ndi, ndi, ndi, Kiboko akaja.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Unaitaka hiyo?"

"Hapana, natazama tu."

"Anayetazama hafuti. Ungekuja kimya ningekuuzia kibaba, kama chuma kingine. Umeifuta, basi ni mali. Lete pishi nzima."

Pishi ni vibaba vinne, kwa faida ya waliosoma shule za kilo. Kalunguyeye akarudi nyumbani. Siku mbili hakula, akaokota karanga moja moja mashambani kwa watu waliokwisha kuvuna, mpaka pishi ikatimia.

Siku ya Jumatano akaingia tena, chaka-chaka-chaka. Safari hii alikuwa ameapa. Mikono aliifunga nyuma. Akapita kwenye baiskeli, akapita kwenye masufuria, akafika nyuma ya friji. Kompyuta ipo. Hakuigusa. Lakini juu ya kibodi palikuwa na jani kavu, na jani lile lilimuudhi. Akainamisha mdomo kidogo. Fuu.

"Kwaa," akasema Kunguru. "Bwana Kiboko, leo anapuliza."

Ndi, ndi, ndi, Kiboko akaja.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Pishi umeleta?"

"Nimeleta."

"Pole. Juzi ulifuta, leo unapuliza. Kitu cha kupulizwa si cha pishi. Lete gunia."

"Bwana Kiboko, gunia nitalipata wapi?"

"Mimi sijui. Ijumaa nashika nyundo. Kama gunia halipo, nitaivunja nichukue shaba. Mimi kwenye shaba sipati hasara."

Kalunguyeye alikwenda nyumbani analia, na sioni aibu kusema kwamba mimi pia ningelia. Alikaa kutwa nzima ya Alhamisi kati ya maiti zake tisa. Aliwaza kuiba, akakumbuka uzito wake. Aliwaza kuomba, akakumbuka sura ya Kiboko. Jioni akamwambia mumewe:

"Kiboko hajui kompyuta hata kidogo."

"Hilo kila mtu analijua."

"Basi bei anaipata wapi? Anaisoma usoni kwangu. Anachokijua yule ni mimi."

Mumewe akamtazama, akasema, "Lala. Kesho Ijumaa."

Siku ya Ijumaa asubuhi Kalunguyeye alichukua kibaba kimoja tu cha karanga na mkokoteni wake, akaingia yadini, chaka-chaka-chaka. Akapita kwenye baiskeli, akapita kwenye masufuria, akafika nyuma ya friji. Akapanda juu ya kompyuta, akaikalia.

Msicheke. Nyinyi hamjawahi kukikalia kitu mnachokipenda. Alisikia bati la kichogo likilalamika chini yake, nye-e-e, na kila mwiba wa mwili wake ukasimama. Lakini alikaa. Akatandaza makalio vizuri, akanyoosha mikono, akaanza kulifuta vumbi lile friji bovu lililokuwa mbele yake. Akafuta ubavu. Akapuliza pembeni, fuu. Akafuta tena, akipiga mluzi mdogo.

Kunguru akasimama kwa mguu mmoja.

"Kwaa. Bwana Kiboko, njoo haraka. Anafuta na anapuliza."

Ndi, ndi, ndi, Kiboko akaja, safari hii na nyundo begani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Gunia liko wapi? Halipo. Shuka hapo nivunje."

"Vunja tu, baba, lakini ningoje kidogo nimalize friji hili."

Kiboko akaishusha nyundo. Akalitazama friji. Lilikuwa halina mlango, halina mota, na panya walikuwa wamezaa humo mara mbili.

"Friji hili lina nini?"

"Halina kitu. Natazama tu."

"Anayetazama hafuti," akasema Kiboko. "Gunia moja."

"Sawa," akasema Kalunguyeye.

Kiboko akashtuka. Hata nyinyi mnajua, muuzaji akitaja bei na mnunuzi akakubali papo hapo, muuzaji hapati usingizi.

"Nimekosea. Magunia mawili."

"Sawa."

"Matano."

"Sawa. Nitakuja nayo Jumatatu."

Jasho likamtoka Kiboko. "Siuzi," akasema. "Friji hili siuzi. Kunguru, umesikia? Hili linaingia chumbani kwangu leo hii."

Kalunguyeye alitakiwa alie hapo, na alikuwa amejiandaa kulia kwa uongo. Hakuhitaji. Kunguru alikuwa ameshuka chini, ametua juu ya kibodi, na alikuwa akinoa mdomo kwenye vitufe, kwaru, kwaru, kwaru. Kalunguyeye akalia machozi ya kweli kabisa.

"Bwana Kiboko, nimekuja na kibaba changu na mkokoteni wangu. Nirudi mtupu? Mume wangu atanicheka."

"Chukua chuma kingine uende. Chukua hicho ulichokikalia."

Kunguru akaacha kunoa mdomo. "Ngoja, bwana. Hiki si ndicho alichokitaka juzi?"

Hapo Kalunguyeye akajitandaza zaidi juu ya kichogo. Akafuta machozi, akajibu polepole:

"Juzi nilikuwa sijaliona friji."

Kunguru akafikiri. Akamtazama Kalunguyeye, akatazama makalio yake, akatazama kompyuta chini yake.

"Kweli," akasema. "Mtu hakalii mali."

"Kibaba kimoja," akasema Kiboko.

Mwingine angelipa akakimbia. Lakini Kalunguyeye alikuwa mzoefu wa kununua bila uwezo, na alijua kwamba asiyeomba kupunguziwa hushukiwa. Akapiga teke kompyuta kwa kisigino. Moyo ulimuuma.

"Kibaba kizima kwa kigoda? Nusu, baba."

"Nusu, basi, na uondoke."

"Na ule waya mweusi pale, unitilie juu."

"Kigoda kina kazi gani na waya?"

"Wa kukifungia mkokotenini. Kikianguka njiani nitakiokota na nani?"

Kiboko alikuwa ameshageuka, analisukuma friji. "Chukua, chukua," akasema. Kalunguyeye akaifunga kompyuta kwa waya wake wenyewe wa umeme juu ya mkokoteni wa magurudumu ya ndala, akaondoka taratibu kama mtu aliyedhulumiwa. Alipopita kona ya kwanza alisimama, akaivua khanga yake na kuifunika. Matone ya kwanza ya masika yalikuwa yameanza kudondoka.

Alimkuta mumewe amesimama mlangoni na ile kompyuta ya kwanza mikononi, yuko tayari kuitoa.

"Subiri," akamwambia. "Nipe nafasi ya kuchomeka waya."

Msiniulize umeme wa shimoni ulitoka wapi. Kwenye ngano umeme upo, na haukatiki, ndiyo maana tunapenda kuzisimulia. Akachomeka waya. Akatia disketi mdomoni. Akabonyeza.

Kimya.

Mumewe akainama aichukue tena ile ya kwanza.

Piip.

Krrr. Krrr-ta-ta-ta. Krrr. Kioo kikawa cheusi, kisha ikatoka nukta ya kijani, ikapepesa, ikapepesa, ikaanza kuandika. Kalunguyeye na mumewe wakasogeza pua. Iliandika swali moja: Leo ni tarehe ngapi?

Maskini, ilikuwa imelala miaka yote ile chini ya bati, watu wamezaliwa na wamekufa, na ilipoamka haikutaka chakula wala pole. Ilitaka kujua leo ni lini. Kalunguyeye alitaka kujibu, akashindwa, macho yamejaa. Mumewe akaweka chini mzigo wake, akakaa mbele ya kibodi, akaiandikia tarehe, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Kisha akaenda kulala mlangoni kwenye mvua.

Na Kiboko? Kiboko yu mzima. Friji limo chumbani, yeye analala nje. Nyumbu alikuja akamwambia atampa magunia mawili amwondolee takataka ile, Kiboko akamfukuza. Pundamilia alikuja na matano, akafukuzwa vile vile. Akiulizwa, anasema Jumatatu mnunuzi wake anakuja. Yeye na Kunguru wanalilinda kwa zamu.

Sasa funzo, maana najua bila funzo hamtoki hapa. Funzo ni hili, wanangu: mkipenda kitu, semeni kweli. Nendeni kwa mwenyewe kwa uso mweupe, mmwambie mnakipenda kiasi gani, naye kwa wema wa moyo wake atakupeni kwa bei ya haki. Kalunguyeye alidanganya, alikalia mali ya watu na kuipiga teke. Basi tazameni adhabu aliyoipata: kompyuta anayo mpaka leo, na kila asubuhi, apende asipende, lazima aiambie tarehe.

Ngano yangu nimeitua.
— Tumeipokea.
Mwenye mabega?
— Aibebe akalale nayo.