Mlango wa Ghala la Mipira

Si kila ainamaye mlangoni husimama uwanjani. Mmeusikia leo, mwamuzi alipomtania yule kijana mrefu aliyeshindwa kudaka pasi. Mkacheka, kisha mkauliza msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa katika Chuo cha Ualimu Ilendeja, kwenye nchi kavu ya Ugogo, na chanzo chake ni mlango.

Chuoni hapo palikuwa na ghala la zamani la mahindi lililogeuzwa kuwa stoo ya mipira. Mlango wake ulikuwa mfupi. Kocha wa mpira wa kikapu, Gaudensi Sangu, alikuwa na desturi yake. Kila mwaka wanachuo wapya walipofika, aliweka kiti mbele ya ghala, uso mlangoni na mgongo uwanjani, akamiminiwa chai, kisha akawaamuru waingie mmoja mmoja kuchukua mpira. Aliyeinama alipewa jezi. Aliyepita wima aliambiwa amshukuru Mungu kwa afya njema, aende akajaribu kwaya. Mpira wenyewe hakuna aliyeudunda. Waliutoa ghalani, wakaurudisha.

Msaidizi wake, Mwalimu Severina Komba, alifundisha hisabati, na desturi hiyo ilimchosha kama bati lililolegea linavyomchosha mwenye nyumba msimu wa upepo.

“Kocha, waache basi wacheze kidogo tuwaone.”

“Mwalimu wangu, mchezo unafundishika. Urefu haufundishiki.”

“Warefu wako tumewafundisha mwaka mzima, na tumekuwa wa mwisho.”

“Hawajaiva.”

“Mwaka juzi pia hawakuwa wameiva. Hata embe lina msimu wake, Kocha.”

Sangu alikunywa chai.

Mwaka ule subira ya Severina ilikuwa na sababu ya kwisha. Mkuu wa Chuo, ambaye hakuwa mtu wa michezo, alikuwa amesema mbele ya walimu wote kwamba bwalo jipya linahitaji mahali tambarare, na mahali tambarare ni uwanja wa kikapu. Timu ikiwa ya mwisho tena katika mashindano ya vyuo vya kanda, mafundi wangechimba msingi pale pale. Severina ndiye aliyewasimamia wanachuo walipomwaga zege la uwanja ule. Alijua kila ufa wake na ulianza lini.

Siku ya mlango ikafika. Kijana aliyeitwa Barnaba Msigwa alipita wima, nywele zikasugua kizingiti cha juu.

“Kwaya,” akasema Sangu.

Nyuma yake akaja Yona Chidawali, akainama kuliko wote, hata mgongo ukawa kama upinde. Sangu alikiweka kikombe chini.

“Umemwona huyo? Huyo ni twiga.”

“Kocha, mbona akisimama simwoni twiga?”

“Ana kibiongo kidogo. Tukimnyoosha utashangaa.”

Wakaanza kumnyoosha. Yona alining'inizwa kwenye nguzo ya goli, akalazwa kwenye ubao, akakatazwa kulalia mto. Hakuongezeka hata kidogo. Alikuwa mpole, alikuja mazoezini mapema, na mpira ulipomjia alijikinga uso. Sangu alimpanga acheze chini ya kikapu, mahali pa mtu mrefu kuliko wote, na kila Severina alipouliza sababu alijibiwa kwamba mlango hausemi uongo.

Jioni, timu ikishaondoka, wale wa kwaya walibaki uwanjani wakicheza wenyewe. Severina aliketi na kuwatazama. Alichokiona kwa Barnaba hakikuwa mbwembwe. Wengine waliangalia wenzao walipo baada ya kupokea mpira. Yeye aliangalia kabla. Akinyang'anywa leo kwa kugeukia kushoto, kesho hanyang'anywi hivyo. Severina alilipima jambo hili wiki baada ya wiki, kwa sababu siku moja haithibitishi kitu, kisha akalipeleka kwa kocha likiwa kamili.

“Hakuinama,” akasema Sangu.

“Najua hakuinama.”

“Basi.”

Mashindano yakafanyika Ilendeja. Warefu wa Sangu walifungwa na kila waliyekutana naye, mpaka ikabaki mechi moja dhidi ya chuo kingine ambacho nacho hakikuwa kimemfunga mtu. Atakayepoteza ndiye wa mwisho. Mkuu wa Chuo alikuwepo, ameketi kivulini na fundi mkuu, naye fundi alikuwa akiukazia macho uwanja bila kuangalia mchezo.

Kufikia mapumziko Ilendeja walikuwa nyuma. Pasi zilikuwa zikipita juu ya kichwa cha Yona kama ndege wanaohama. Severina alimtuma ghalani kuleta ndoo ya maji, na alipotoka akamwona tena akijikunja. Safari hii Severina mwenyewe alikuwa amesimama kando ya mlango. Kati ya kichwa cha Yona na kizingiti pangepita mkungu wa ndizi.

“Yona, hebu subiri. Unainamia nini hapo?”

Yona akageuka, akautazama mlango. “Sijui, mwalimu. Nimezoea. Kwetu ni tembe.”

“Tembe?”

“Nyumba za udongo za paa bapa, mwalimu. Milango yake ni mifupi. Kwetu usipoinama unajipasua kichwa. Bibi yangu ni mfupi kama hii ndoo, naye huinama. Hata pale kanisani huwa nainama.”

Sangu alikuwa amesogea karibu, akasikia. “Kumbe ulinidanganya.”

“Sikusema neno, Kocha. Niliinama tu, ukanipa jezi. Nikasema labda wakubwa mnaona nisichokiona.” Akasita. “Na pia wachezaji wanaongezewa maharage.”

Benchi zima likacheka. Severina hakucheka. Alimwita Barnaba, aliyekuwa amesimama nje ya mstari pamoja na watazamaji, akamgeuza, akawabananisha yeye na Yona mgongo kwa mgongo. Barnaba alimzidi Yona kwa upana wa vidole vinne.

“Kocha, naomba uangalie.”

Sangu aliangalia. Akazunguka, akaangalia upande wa pili.

“Hata hivyo,” akasema, “huyu hakuinama.”

Severina akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya darasani, ile ya kurudia hesabu kwa mwanafunzi aliyekwisha kurudiwa. “Kocha, huo mlango hauchezi. Leo tukishindwa, kesho hapa tunakula ugali.”

Kabla Sangu hajajibu, Yona alikuwa ameshavua jezi. Sheria ya mashindano yale ilimruhusu mwanachuo yeyote mwenye jezi ya chuo kucheza. Akamkabidhi Barnaba, akajifuta jasho kwa kiganja, akamwambia kocha kwa heshima yote: “Kocha, samahani. Si kila ainamaye mlangoni husimama uwanjani.”

Hapo ndipo msemo ulipotamkwa kwa mara ya kwanza, na mtu aliyejua analosema.

Sangu akamtazama Mkuu wa Chuo kule kivulini. Fundi alikuwa amesimama, anaupima uwanja kwa hatua. Kocha akapunga mkono kama afukuzaye nzi. “Mwingize.”

Mpira wa kwanza Barnaba alinyang'anywa. Sangu akaguna kwa furaha ya mtu aliyekuwa sahihi. Mlinzi yule yule akamjia tena kwa njia ile ile, na safari hii mpira ulikuwa umeshaondoka, uko mikononi mwa mwenzake chini ya kikapu. Warefu wa Sangu, ambao mwaka mzima walipokea mpira wakiwa wamechelewa, wakaanza kuupata mahali walipouhitaji, na urefu wao ukafaa kwa mara ya kwanza. Filimbi ya mwisho ilipolia, Ilendeja walikuwa mbele kwa kikapu kimoja.

Kombe hawakulichukua. Walikuwa wa pili kutoka mwisho, na hilo lilitosha. Bwalo likajengwa nyuma ya mabweni.

Mafundi walipokuwa bado wapo, Severina aliwaomba waunyanyue mlango wa ghala. Mwaka uliofuata Sangu aliweka kiti chake, akamiminiwa chai, na wanachuo wapya wakapita mmoja baada ya mwingine, wima wote.

“Mwalimu, sasa nitachaguaje?”

“Geuza kiti, Kocha. Uwanja uko nyuma yako.”

Alikuwa ameshashika kiti akigeuze, mara akatokea kijana mmoja, akajikunja chini ya mlango ule mrefu. Sangu akakiachia kiti. Severina akamtazama. Kocha akakohoa.

“Kijana, kwenu ni tembe?”

“Ndiyo, Kocha. Umejuaje?”

“Chukua huo mpira,” akasema Sangu, akigeuza kiti, “ucheze kwanza.”

Si kila ainamaye mlangoni husimama uwanjani.